Kibao cha Shingoni

Nilipochagua kusoma historia ya Ayalandi chuo kikuu, mama aliniuliza, "Mwanangu, ya Waayalandi yakuhusu nini?" Jibu nililipata darasani.

Katika karne ya 19, watoto wengi wa huko walivishwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliposema lugha ya kwao, kijiti kilikatwa alama. Mwisho wa siku mwalimu akahesabu alama na kumchapa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wazazi wengi waliafiki, kwani waliona Kiingereza ndicho chenye riziki. Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vikaoza shambani. Walifariki watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni wakahama. Sultani Abdulmejid wa Istanbul alipeleka msaada wa pauni 1,000 mwaka 1847. Walioumia sana ni maskini wa magharibi, ndio wenye lugha.

Katiba ya 1922 iliifanya Kiayalandi lugha ya taifa, ikafundishwa shuleni. Hata hivyo, sensa ya 2022 ilikuta watu wapatao 72,000 tu wanaoitumia kila siku nje ya masomo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano.

Nami shuleni nilivishwa kibao kwa kusema Kiswahili. Basi wazazi wenzangu, serikali yaweza kuiandika lugha katika katiba, lakini anayeirithisha ni mama na baba. Tuzungumze na watoto wetu tukiwa mezani, wangali wadogo.