Bibi wa Mto Shannon

Ndugu msomaji, kwa muda wa miaka sita sikukanyaga kijijini kwetu. Kila likizo ilikuwa na sababu yake: nauli imepanda, watoto wanafungua shule, kazi ni nyingi. Aliyenivua sababu hizo si mzee wa ukoo wetu, bali ni bibi mmoja wa Ayalandi.

Nilikuwa nchini humo kwa mafunzo mafupi ya kazi. Jumamosi moja mwanafunzi mwenzangu alinichukua kwao. Tulipanda treni Dublin, na baada ya saa mbili na ushei tukateremka Carrick-on-Shannon, makao makuu ya Kaunti ya Leitrim. Ni mji mdogo ulio kando ya Shannon, mto mrefu kuliko yote ya nchi hiyo, wenye kilomita zipatazo 360. Mashua za kukodisha watalii zilikuwa zimefungwa ukingoni. Mjini tuliingia katika kikanisa kidogo ajabu, ambacho mfanyabiashara Edward Costello alikijenga kwa kumkumbuka mkewe aliyefariki mwaka 1877. Majeneza ya wawili hao yamo humo chini ya kioo, moja kila upande, nawe hupita katikati yao.

Lakini lililonishika moyo ni habari ya nyumba ya maskini iliyofunguliwa hapo mwaka 1842. Fukara walilishwa humo kwa sharti la kufanya kazi, na mume, mke na watoto walitenganishwa. Mwaka 1845 ugonjwa ukaozesha viazi, chakula kikuu cha wanyonge, na njaa kubwa ikaingia. Leo pana bustani ya ukumbusho mahali walipozikwa wengi wao. Mwaka 1841 Leitrim ilikuwa na watu 155,297. Wengine walikufa, wengine walivuka bahari. Na hata njaa ilipokwisha vijana waliendelea kuondoka, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1996 wakabaki watu 25,057. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 35,000. Watu wanaongezeka, lakini polepole.

Jioni tulikwenda kijiji cha jirani, upande wa Drumsna, kwa bibi wa mwenzangu. Njiani nilihesabu magofu matatu ya mawe, miti imeota ndani. Bibi alitukaribisha karibu na moto wa mboji, ile inayokatwa kinamasini na kukaushwa ili iwashwe kama kuni. Alipokwisha kumimina chai, akaniuliza:

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Ulimwona lini?"

Nikaitazama chai yangu. Hakunisuta. Aliinuka, akaleta kopo la biskuti lililojaa barua za kaka yake, aliyekwenda Marekani akiwa kijana. Kila Krismasi alimtumia mama yao fedha, hakukosa hata mwaka mmoja, mpaka mama huyo alipofariki.

"Fedha zilifika zote," alisema bibi, akifunga kopo. "Yeye hakufika."

Usiku ule sikupata usingizi. Mimi pia sikukosa kutuma. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mama chochote kwa simu, kisha nikalala kwa amani nikijihesabu mwana mwema.

Niliporejea nyumbani niliomba likizo, nikapanda basi pamoja na mke wangu na watoto. Mama alikuwa uani akipeta mchele. Alisimama, akanitazama kwa muda, kisha akamgeukia mwanangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitano, akamwuliza kwa heshima kama anavyoulizwa mgeni: "Nawe, bwana mdogo, waitwa nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo nililistahili mimi, si mtoto. Nauli bado iko juu, na shule bado zinafunguliwa. Hata hivyo, kila mwaka sasa tunakwenda.