Siku ya Mvua Malta: Kuyafuata Maji Yanakokwenda

Mvua ya Novemba inapoipiga Valletta, wageni wengi hurudi hotelini kusubiri jua, na waliobaki hujibanza kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yohane mpaka foleni ikafika barabarani. Mimi nashika njia nyingine, na safari hii ya siku moja naifanya nikiwa na hoja moja: siku ya mvua ndiyo siku ya kukielewa kisiwa hiki, na ratiba inayofaa ni ile inayoyafuata maji kutoka juu ya paa hadi ndani ya mwamba. Malta haina mto wala ziwa. Kwa mwaka hupata kama milimita 550 za mvua, takriban nusu ya inayonyesha Dar es Salaam, na sehemu kubwa huja kati ya Oktoba na Machi. Kiangazi chake hupita karibu bila tone. Watu wamekaa hapa zaidi ya miaka 7,000, na kwa muda wote huo wamelazimika kuikinga mvua na kuiweka akiba katika kitu pekee walichokuwa nacho kwa wingi, yaani mwamba wa chokaa, ulio laini kiasi cha kuchongeka kwa zana za mkono. Anayeiona Malta kiangazi huona kuta na bahari tu. Sababu ya kuta hizo kukalika huonekana inaponyesha.

Naanzia Valletta kwenyewe. Mji huu uliwekewa jiwe la msingi tarehe 28 Machi 1566, mwaka mmoja baada ya kisiwa kunusurika kuzingirwa na majeshi ya Uturuki, na kanuni zake za ujenzi zilimtaka kila mwenye nyumba achimbe kisima chake cha maji ya mvua. Jiwe la kujengea lilitoka papo hapo, na shimo lililobaki likawa kisima. Ndiyo maana mapaa ni bapa na yameinamishwa kidogo kuelekea kwenye bomba. Kisima cha kale cha Malta kina umbo la kengele: mdomo mwembamba, tumbo pana chini. Ukiuinamia mdomo wake utaona jiwe limelika kwa mifuo myembamba, mmoja kando ya mwingine; ni alama za kamba zilizoteremsha na kupandisha ndoo kwa vizazi. Kwa msomaji aliyeyaona majabia ya visiwa vya Lamu, ambako maji ya mvua hukingwa vilevile kwa sababu ya chumvi iliyo ardhini, hesabu hii haihitaji maelezo. Mji ulipokua, visima havikutosha. Kati ya 1610 na 1615 Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane lililoitawala Malta wakati huo, Alof de Wignacourt, alisimamia ujenzi wa mfereji ulioyaleta maji ya chemchemi kutoka upande wa mji wa Rabat, hapahapa kisiwani, na matao yake bado yanaonekana kando ya barabara ya kutoka Valletta kwenda huko.

Kanisa kuu silikatai. Ndani yake umo mchoro wa Caravaggio wa 1608 unaoonyesha kuuawa kwa Yohane Mbatizaji, kazi pekee aliyoitia sahihi, tena ameiandika ndani ya damu inayomtoka mtakatifu shingoni. Hilo linatosha kumfanya mtu apange foleni. Ila mchoro huo hauhitaji mvua. Utaukuta hata siku ya jua. Mvua inanipeleka Paola, mwendo mfupi kwa basi, kwenye Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi ya watu walioishi kabla ya piramidi za Misri. Mwaka 1902 mafundi waliokuwa wakichimba visima vya maji ya mvua kwa ajili ya nyumba mpya walitoboa dari lake. Yaani hitaji lilelile la kukinga mvua ndilo lililowafungulia watu wa leo mlango wa watu wa kale. Ngazi zinashuka tabaka tatu hadi zaidi ya mita 10. Kuna chumba ambacho mwamba wake umechongwa ufanane na hekalu lililojengwa juu ya ardhi, na nguzo, vizingiti na pete za dari zinazozidi kubana kuelekea juu, ilhali hakuna jiwe hata moja lililopangwa: kila kitu kimetolewa kwa kupunguza. Darini kwingine kuna michirizi ya rangi nyekundu iliyojikunja kama konokono. Inakadiriwa kuwa watu 7,000 hivi walizikwa humo.

Atakayenipinga atasema kwamba tiketi za mahali hapo haziokotwi siku ya mvua. Ni kweli: huingia watu 80 tu kwa siku, kwa makundi ya watu kumi, na nafasi hujaa wiki nyingi kabla. Nautetea mpango huo, kwa sababu unyevu wa pumzi zetu huila rangi iliyodumu miaka 5,000. Asiyekuwa na tiketi aende Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia, Valletta, akamtazame Mwanamke Aliyelala, sanamu ya udongo inayoenea kiganjani iliyotoka Hypogeum, kisha apande basi la Rabat akaingie katakombu za Mtakatifu Paulo, ambazo nazo zimechongwa mwambani. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtu kalipa nauli kwa ajili ya jua, kwa nini umfundishe kuridhika na mawingu? Namjibu kwamba jua halijamponyoka. Malta hupata kama saa 3,000 za jua kwa mwaka, na mvua yake kwa kawaida huja kwa kishindo na kupita. Na simulizi mashuhuri kuliko zote za mgeni kufika kisiwani, ile ya Paulo katika Matendo ya Mitume, yaanza kwa wenyeji kuwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mvua si kasoro iliyoiingilia Malta ya kweli.

Hatari ipo, na sitaki kuipuuza. Mabonde ya Birkirkara na Msida yamejengwa hadi chini, hivyo mvua kubwa hugeuza barabara kuwa mto. Siku hiyo msafiri asipite huko, wala asitegemee mashua za kwenda kisiwa jirani cha Comino. Lakini mafuriko hayo yanaithibitisha hoja yangu. Maji yanayojaa barabarani ni yaleyale ambayo zamani yangeingia kisimani. Sheria bado inadai visima, ila majengo mengi mapya yamejengwa bila hivyo, na serikali imelazimika kuchimba mahandaki ya kuyapeleka maji baharini. Kisha zaidi ya nusu ya maji ya bombani hutolewa baharini humohumo, yakachujwa chumvi kwa umeme mwingi, katika nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni 3 mwaka 2024, na idadi kubwa zaidi huja kiangazi. Kwa atakayetaka kuifuata hoja hii hadi chini ya mji, Heritage Malta, taasisi ya serikali inayotunza urithi wa nchi, huwaongoza wageni katika njia za chini ya Valletta zilizotumika pia kujikinga na mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Ziara hiyo ningeipa nafasi ya kwanza mvua inaponyesha, kabla ya foleni yoyote ya kanisani.