Mito ya Rwenzori na Waogeleaji Wake

Msafiri atokaye Hima, mji wa kiwanda cha saruji, kuelekea Bwera hukuta vijito vingi na mito minne mikubwa itelemkayo kutoka milima ya Rwenzori: Mubuku, kisha Nyamwamba mjini Kasese, halafu Nyamughasana, na mwisho Lhubiriha ulio mpakani mwa Uganda na Kongo. Alasiri ya jua kali kingo za mito hiyo hujaa watu. Akina mama hufua, vijana huosha pikipiki, nao watoto hujirusha kutoka majabalini wakajiachia wachukuliwe na mkondo, kama wenzao wa Mombasa wapandavyo mawimbi juu ya mipira ya matairi.

Lakini bahari ya Mombasa ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na miamba iliyo mbele ya pwani hulivunja wimbi kabla halijamfikia mwogaji. Mto wa mlimani hauna saa. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na mji wa Kasese uko chini ya mita 1,000. Mvua inyeshayo juu hushuka mteremko huo kwa kasi kubwa, ilhali aliye bondeni aona jua tupu. Kwa hiyo mzazi asitazame anga la Kasese, atazame mlima. Ukiwa umefunikwa na wingu jeusi, watoto watoke majini.

Mei 1, 2013, Nyamwamba ulifurika, ukasukuma majabali, ukaua watu na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 mito yote minne ilivunja kingo zake, na hospitali ile ikapigwa tena. Hata hivyo, mtoto hahitaji mafuriko ya namna hiyo ili achukuliwe. Maji ya magotini yenye kasi yatosha.

Dalili hazifichiki. Maji maangavu yakigeuka rangi ya udongo, majani na vijiti vikipita kwa wingi, au mawe yakisikika yakigongana chini, ni kupanda ukingoni mara moja. Nguo zilizoanikwa upande wa pili na ziachwe huko.

Nyamwamba una neno lake jingine. Mabaki ya machimbo ya shaba ya Kilembe, yaliyofanya kazi tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yamerundikana kandoni mwake, na kila maji yapandapo huyamega. Maji hayo, hata yaking'aa, si ya kupikia wala kunywa, na mtoto aogeleaye humo afundishwe kufumba kinywa.