Likizo ya Rhodes na Swali la Mpwa Wangu

Dada yangu anaishi Uingereza na mumewe na watoto wao watatu. Mwaka huu Mwenyezi Mungu amewajaalia akiba ya kutosha likizo ya wiki moja, nao wamechagua kisiwa cha Rhodes, nchini Ugiriki. Alinipigia simu kuniuliza iwapo familia ya Kiislamu ina lolote la kufanya katika kisiwa kinachosifika kwa fukwe na kumbi za starehe. Nilimjibu kuwa inalo, na zaidi kwa ajili ya mwanawe mkubwa. Kijana huyo wa miaka 13 amekuwa akimwuliza mama yake kwa nini Waislamu ni wageni katika Ulaya.

Swali kama hilo halitoshelezwi na mawaidha ya sebuleni. Afadhali kijana apelekwe akaone. Ndani ya kuta za mji mkongwe wa Rhodes, barabara ya Socrates hupanda hadi kwenye Msikiti wa Suleymaniye, uliopewa jina la Sultani Suleiman. Yeye ndiye aliyeuzingira mji huo mwaka 1522, ukiwa mikononi mwa wapiganaji wa Kikristo wa Mtakatifu Yohana kwa zaidi ya miaka 200, hata wakasalimu amri. Mkabala na msikiti ipo maktaba iliyoasisiwa na Hafiz Ahmed Agha mwaka 1793, yenye miswada ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi.

Kijana asifichwe kitu. Kwetu pwani, Uislamu ulikuja na majahazi ya wafanyabiashara; kule uliingia na jeshi. Aelezwe pia yaliyofuata. Mwaka 1912 Italia ilikiteka kisiwa. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki zilipokubaliana kubadilishana raia kwa misingi ya dini, Waislamu wa Krete walilazimika kuhama makwao. Wa Rhodes walinusurika na agizo hilo kwa kuwa kisiwa chao kilikuwa chini ya Italia. Hakikuingia Ugiriki hadi mwaka 1947. Ndiyo maana hadi leo wapo Waislamu wenyeji wa hapo, na katika mji mkongwe huswaliwa katika Msikiti wa Ibrahim Pasha.

Kuhusu maandalizi, nilimshauri dada mambo manne. Kwanza, viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania huhitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Pili, swala. Anayefuata madhehebu ya Imamu Shafii, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu anapofika. Kwa hiyo wiki yao si ya kupunguza swala, na matembezi yapangwe kwa kufuata nyakati zake. Tatu, chakula. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika mishikaki ya Kigiriki, na baadhi ya michuzi hutiwa mvinyo. Samaki wa kuchoma, mkate, maharage, zeituni na mboga za majani vinatosha, lakini mtu aulize kabla ya kuagiza. Nne, makazi. Wachague nyumba ya kupanga mbali na kumbi za usiku, na waende ufukweni asubuhi na mapema, kabla ya jua kali na msongamano wa watu, ili mama na binti waogelee kwa stara.

Qur'ani imetuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie habari za waliotutangulia. Safari yenye nia hiyo haiharibiwi na kicheko cha watoto majini; furaha ya familia nayo ni neema.

Kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti ni daftari la michango, bili ya umeme na paa linalovuja. Kwa hiyo natamani mpwa wangu autazame Suleymaniye pamoja na kuba na mnara wake, ambao wageni wengi huupiga picha, kisha aende akaswali kwa Ibrahim Pasha, pamoja na wenyeji. Hapo ataelewa kwamba ugeni na wenyeji havitokani na aliyeshinda vita. Mwenyeji ni yule anayebaki, akajaza safu ya swala na kumwachia mwanawe nafasi pembeni yake. Hilo linawezekana Rhodes, na linawezekana pia katika mtaa wao wa Uingereza.