Nairobi: wapi mzazi akimbie na mtoto

Anayetaka kukimbia na mwanawe Nairobi huwaza magari kwanza. Njia za miguu hukatika ghafla, nazo bodaboda hupanda humo humo. Afadhali aingie mitini.

Kwa walio wadogo, Arboretum ndiyo bora. Bustani hiyo ya miti, iliyoanzishwa 1907, iko kilomita kama tatu kutoka katikati ya jiji. Vijia vyake ni vifupi, hivyo mtoto akichoka lango haliko mbali. Ndizi ifichwe: tumbili wa pale hupora mkononi.

Anayemudu kilomita tano aende Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000. Njia za udongo mwekundu hushuka hadi Mto Karura, kwenye maporomoko na mapango. Mvua ikinyesha huteleza vibaya, kwa hiyo raba zenye meno zinahitajika. Januari 1999, Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani humo alipokwenda kupanda mti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa wajenzi. Watoto wanaoendesha baiskeli humo leo wanapita palipokusudiwa majumba.

Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, ni ndogo kwa mbio. Inafaa kutembea tu. Palikuwa jaa hadi usafishaji ulipoanza 2008. Kivuli kipo, lakini mto wenyewe bado ni mchafu. Mtoto asiguse maji, na akiuliza kwa nini yananuka, aambiwe ukweli: ni taka zetu.