Magunia Yaliyorudi



Wapendwa, baada ya adhimisho la Kipaimara tulijivuna. Jumuiya zetu ndogondogo zilisafisha uwanja wa kanisa na kujaza magunia 12 ya plastiki: chupa za maji, madumu, vifuniko, mifuko, hata vipande vya mabomba. Tulikusudia kuyauza tukarabati choo cha watoto wa katekesi. Mnunuzi alifungua gunia la kwanza, akachungulia la pili, akatikisa kichwa: "Baba Paroko, hii imechanganyika. Siwezi kuichukua."

Kwa unyenyekevu tulimwomba atufundishe. Kumbe plastiki ni jina la ukoo mzima. Chupa ya maji, iitwayo PET, huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi za sentigredi. Dumu huyeyuka kwenye 130 hivi. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani vema, na kitokacho humeguka upesi. Bomba la PVC likipata moto hutoa gesi yenye asidi, idhuruyo mashine na mapafu. Kisha akatia vipande ndani ya beseni la maji: vya dumu na vifuniko vikaelea, vya chupa na bomba vikazama. Beseni tu, na ukoo ukagawanyika!

Nasi tulidhani wapo waliokwisha kushinda mchanganyiko huo. Jijini Nairobi, mhandisi Nzambi Matee wa Gjenge Makers, aliyetunukiwa tuzo ya vijana ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, huchanganya plastiki na mchanga, akazipasha joto na kuzigandamiza kuwa matofali ya kutandaza njiani. Lakini naye huanza kwa kuchambua: hutumia plastiki za madumu, mifuko, vifuniko na ndoo, chupa za PET hazimo.

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa. Sisi tulidhani kuokota kunatosha. Kumbe tuliokota vile vile tulivyotupa, bila kuangalia.

Jumamosi tuliketi chini ya mwembe pamoja na akina mama, tukachambua, tukaosha, tukaanika. Magunia 7 yalinunuliwa. Choo bado hakijatimia. Basi tunawaomba: kila nyumba itenge chupa mbali na madumu, wala bomba lisichomwe uani. Kazi ya mchana kutwa ile, mkononi mwa mama jikoni ni ya dakika moja.

Dominika njema.