Kagunga, Ufuko wa Dagaa

Aendaye Kagunga kwa maji hupanda mashua ya mbao pale Kibirizi, karibu na Kigoma, akafuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Hupita misitu ya Gombe wakaamo sokwe, kisha Mwamgongo, na mwishowe hushuka katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Sisi tulifika mchana; lakini ziwa hili lataka litazamwe usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wanapowasha taa kuwavuta dagaa, na maji yote yakang'aa kama mji.

Dagaa hao husifiwa Tanzania nzima, na Dar es Salaam huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo wengi hutiwa maguniani na kupakiwa, kwani mwenye deni la nyavu hawezi kukila kile kinachomlipia deni. Hatumlaumu. Huko Ziwa Viktoria nako, minofu ya sangara ilipoanza kupelekwa Ulaya kwa wingi katika miaka ya 1990, maskini wengi wa mwambao waliachiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Mwezi wa Mei 2015 jina la Kagunga lilisikika duniani. Kulikuwa na machafuko Burundi, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kijiji hiki chenye wenyeji wapatao elfu 10. Barabara ya gari haikuwapo. Chakula, maji safi na vyoo havikutosha. Kipindupindu kikaingia, na kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimeua watu 31, wageni na wenyeji. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua watu kama 600 kwa kila safari hadi Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Kambini mtu hukadiriwa kalori 2,100 kwa siku. Mwezi wa Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho hata ikawa asilimia 62 ya kiasi hicho. Mahindi hayakuwa yamekwisha duniani. Zilizopungua ni fedha, maana shirika hilo huendeshwa kwa michango ya hiari.

Sasa, ndugu wasomaji, tazameni upande wa pili. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, wala si mahotelini. Tena nyumba za nchi kama zetu hazikuachwa mbali sana na za matajiri. Anayedhani kuwa habari hii ni ya Wazungu peke yao na aangalie masinia yarudipo jikoni baada ya harusi, au baada ya futari ya kualikana.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania ili samaki wapate kuzaana, kwa kuwa mavuno ya ziwa yamekuwa yakipungua. Jambo hilo twaona lilikuwa la haki. Lakini mlaji wa mjini aliweza kununua kitoweo cha mahali pengine, na aliyezimiwa taa yake kwa miezi mitatu ni mvuvi wa Kagunga.